Rukia, kilele kile ni Uhuru

Mkunazini, Unguja

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Mzigo umefika salama, na halua ya Wete imeliwa siku ile ile, watoto wa wifi yangu hawakubakisha hata cha kulamba. Maswali yako ya chemsha bongo nimeyapata, na hapa dukani karatasi za mabango zimeshakatwa. Ila ukurasa wa Kilimanjaro nimeuzuia, sijauchapa. Usininunie, nisikilize kwanza.

Umeuliza kilele kirefu kuliko vyote Afrika kinaitwaje, na jawabu umeweka Kibo. Wengi husema hivyo. Lakini Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoshikana: Shira upande wa magharibi, iliyoporomoka na kulika zamani; Mawenzi mashariki, majabali matupu, mita 5,149; na Kibo katikati, yenye barafu na kasoko, yaani shimo la volkano, juu yake. Ukingo wa kasoko hiyo haulingani. Anayepandia Marangu hutokea kwanza Gilman's Point, anayepandia Machame hutokea Stella Point, na wote wawili hapo wako juu ya Kibo, lakini kileleni hawajafika. Bado wana kipande cha kufuata ukingo, na pumzi zenyewe zimekata, mpaka kwenye kile kibao cha mita 5,895. Hapo ndipo Uhuru. Mgeni akikwambia anashuka na boti Pemba hajasema uongo, lakini wewe utakwenda kumpokea Wete au Mkoani?

Kwa hiyo andika: mlima Kilimanjaro, volkano Kibo, kilele Uhuru. Urefu uache hivyo hivyo 5,895. Ni kipimo cha mwaka 1952, na vipimo vya satelaiti vya 1999 na 2008 vilipunguza mita chache tu, lakini vitabu vya skuli na kibao chenyewe bado vinasema 5,895. Mtoto akijibu 5,892 usimkate alama, huyo kasoma.

Swali la wa kwanza kufika, ongeza neno moja: "wanaojulikana". Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika tarehe 6 Oktoba 1889, na Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Nani alipanda kabla yao bila kuandika popote, hakuna wa kutwambia. Na kama nafasi inatosha, mtie Mwini Amani, mtu wa Pangani. Wapagazi wengine waliporudishwa chini, yeye ndiye aliyebaki kule juu peke yake kuangalia kambi na kupika, kwenye baridi ile, wakati wazungu wawili wanahangaika na barafu. Mtu wa pwani kama sisi, tusiozoea hata kilima cha mita mia mbili! Mimi ningempa swali lake mwenyewe.

Sasa kwenye picha. Hapa ndipo niliposimamisha mashine hasa. Umemchora Luteni Alexander Nyirenda yuko kileleni na mwenge na bendera, vizuri, uso umeupatia. Lakini bendera umeitia buluu. Rukia! Ile ilikuwa Disemba 1961, uhuru wa Tanganyika. Sisi wakati huo tulikuwa bado chini ya Mwingereza mpaka tarehe 10 Disemba 1963, na Muungano ukaja Aprili 1964. Buluu ya bendera ya leo imetoka kwetu, Zanzibar. Isingeweza kufika Kilimanjaro miaka miwili na zaidi kabla ya Muungano. Aliyoipandisha Nyirenda ilikuwa ya mistari ya kulala: kijani juu na chini, nyeusi katikati, na dhahabu nyembamba pande zote mbili za nyeusi. Na pale chini ulipoandika "Tanzania yapata uhuru" futa, andika Tanganyika. Mwalimu wa Pemba akikosea hilo atachekwa na wanafunzi wake mwenyewe.

Swali la sita, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser mlima huu zawadi ya siku ya kuzaliwa, liondoe kabisa. Hadithi tamu, hata wageni wa hotelini wanaipenda, lakini haisimami. Mpaka kati ya eneo la Wajerumani na la Waingereza ulikubaliwa mwaka 1886, na mjukuu huyo alikalia kiti mwaka 1888. Mwaka 1886 aliyetawala Ujerumani alikuwa babu yake, naye akiitwa Wilhelm vile vile. Mstari ulipinda pale kwa sababu Wajerumani walikwishapata mikataba na wenyeji, mmojawapo na Mangi (yaani chifu) Rindi wa Moshi mwaka 1885.

Badala yake weka hili, ambalo sijui kwa nini halisemwi skuli: mwaka huo huo wa 1885 Sultan Barghash naye alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, na askari mpaka Kilimanjaro, machifu wa huko wakakiri kuwa ni watu wa Sultan. Haikusaidia. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga hapa hapa mbele ya kasri, na Barghash akalazimika kulegeza. Mwaka uliofuata wakubwa wa Ulaya wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi, mlima ukaenda. Waulize watoto: ni Sultan gani wa Zanzibar aliyewahi kuudai mlima Kilimanjaro? Nina hamu ya kujua wangapi watapata.

Mengine yote yako sawa, la karafuu nimelipenda sana.

Nijibu kabla ya Alkhamisi, maana Ijumaa hatufungui mchana na mabango lazima yawahi boti ya Jumamosi. Na bendera ichore wewe mwenyewe unitumie kwa simu. Kijana wetu wa kompyuta nilimwambia kijani, dhahabu na nyeusi, akaniletea ya Jamaica.

Msalimie mama, na hao wanafunzi wako wote.

Shogako,
Mwanakhamis