Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wamiliki wenzangu wa jengo letu hapa Upanga, Dar es Salaam,

Mwaka jana mliniuliza cheti cha usalama wa jengo kitapatikana lini. Hatujakipata. Mhandisi amekataa kutia saini, nami nakubaliana naye.

Tuliazimia ukaguzi huu baada ya ghorofa kuanguka Kariakoo, Novemba 16, 2024, wafanyabiashara wakiwa ndani. Wengi wetu tunaikumbuka pia Machi 29, 2013, pale jengo la mtaa wa Indira Gandhi lilipoua watu 36. Lile lilikuwa bado linajengwa. Letu lina zaidi ya miaka arobaini, na tangu tuhamie tumelipaka rangi na kuziba nyufa tu.

Mhandisi, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, alifanya kazi siku tatu. Mimi nilimshikia tochi kwenye maegesho. Aligonga nguzo ya kona, ile tunayoegemeza baiskeli, ikalia kama debe tupu. Alipobandua plasta, nondo zilikuwa zimeliwa na kutu. Nilizikwaruza kwa ukucha zikabanduka magamba. Chumvi ya upepo wa bahari hupenya kwenye zege, nondo zikashika kutu, kutu ikavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Zile nyufa tulizokuwa tukiziba kwa saruji kila baada ya masika zilikuwa dalili yake, na hatukuelewa.

Kwenye paa kuna matangi manne ya lita 5,000. Yakijaa ni tani 20 za maji, na tuliyapandisha bila kumuuliza mtaalamu. Mawili tumeshayamwaga. Nawaomba radhi wa ghorofa ya tano na sita kwa shida ya maji, hasa wazee.

Ulinzi na usafi vimekwenda vizuri. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Wanachama wawili wameniambia yupo mhandisi atakayesaini bila hata kupanda ngazi. Nawasihi, tusimwite. Wanangu wanalala ghorofa ya tatu, na wa kwenu wako juu na chini yao. Karatasi haitabeba nguzo.

Leo naomba mpitishe mchango maalumu wa kukarabati nguzo mbili. Makadirio mnayo mikononi. Kwa sasa tumeziegemeza kwa vyuma vya muda. Magari yasiegeshwe upande wa kona, na watoto wasichezee pale, mpaka mhandisi arudi kupima upya.

Mwenyekiti