Risala ya Wahudumu wa Afya ya Jamii, Ahero, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chifu wetu, wazee, akina mama na wahudumu wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana Ahero. Tunajua una shughuli nyingi, na kufika kwako ni heshima kubwa kwetu.

Kikundi chetu kilianza na watu 7 chini ya mwembe. Leo tuko 26, tuna cheti cha usajili na kompyuta 2 za mitumba. Kwa kompyuta hizo tumefanya makubwa ambayo hatujayaona kwingine katika uwanda wote wa Kano. Vijana wetu wameweka kituoni OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Haina ada ya leseni, na msimbo wake uko wazi, ndiyo maana wameweza kuingiza maonyo kwa Kiswahili na Kidholuo bila kumwomba mtu ruhusa.

Muuguzi akiandika kwamba mtoto wa miezi 8 anapumua mara 52 kwa dakika, onyo linatokea papo hapo: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, kuanzia mara 50 hizo ni pumzi za kasi, mchunguze nimonia. Angekuwa na miaka 2, kipimo kingekuwa 40. Uamuzi ni wa muuguzi, lakini saa nne usiku, akiwa peke yake na mama anajifungua chumba cha pili, kukumbushwa ni msaada mkubwa.

Mheshimiwa, saa nne usiku ndipo stima hupotea.

Kompyuta ikizimika, muuguzi anarudi kwenye daftari, na daftari halimwonyi mtu. Mto Nyando nao ukifurika, daftari lenyewe halibaki. Tumewahi kuanika kurasa juani siku mbili, zikakauka bila wino.

Mgeni aliyesimama hapo ulipo mwaka juzi alituahidi sola kabla ya Krismasi. Tulipiga makofi, tukachinja mbuzi. Mafundi wakaja, wakapima paa, wakaenda. Mwaka jana mgeni mwingine akaahidi, tukapiga makofi vilevile, paa likapimwa tena. Barua zetu 4 zilipata jibu moja, kwamba suala linashughulikiwa. Hatukuja kumshtaki mtu mbele yako, ila paa lingali tupu.

Tunaomba paneli za sola, inverta, betri za kuhimili usiku kucha na fundi wa kuzifunga. Kompyuta mpya hatuombi. Intaneti pia hatuombi, kwa kuwa programu imo ndani ya kompyuta ya kituo na inafanya kazi bila mtandao. Ombi letu ni hilo moja, na vipimo vya paa tunavyo tayari.

Daftari la wageni liko mbele yako. Chini ya ahadi mbili zilizotangulia tumeacha mstari wazi. Kwa unyenyekevu mkubwa, tunakuomba uandike hapo tarehe ambayo fundi atafika.

Ni sisi wako watiifu,
Wanakikundi