Kuhusu damu ya kaka yako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimelifikiria sana swali lako: kwa nini kaka yako, anayetibiwa ugonjwa wa akili, anatumwa maabara mara kwa mara.

Ni kweli kwamba hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha skizofrenia (ugonjwa wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo) wala baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi). Hata hivyo, yako magonjwa ya mwili yanayofanana na ya akili: tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, inapozembea, mtu hupoa na kukosa hamu ya kila kitu hata akadhaniwa ana sonona, na kaswende iliyofika kwenye ubongo huweza kumvuruga mtu akili kabisa. Asipopimwa, atapewa dawa za akili huku ugonjwa wenyewe ukizidi kumla.

Kwa kaka yako, sababu kubwa ni lithiamu. Dawa hii, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika kuhusu manufaa yake mwaka 1949, bado ni miongoni mwa dawa bora za baipola, lakini kiasi kinachotibu kinakaribiana mno na kiasi kinachodhuru: kwa kawaida hutakiwa milimoli (kipimo cha kiasi cha dawa) 0.6 hadi 1.0 kwa lita ya damu, na ikipita 1.5 huanza kuwa sumu. Damu hutolewa baada ya muda wa saa 12 kupita tangu dozi ya mwisho. Kwa hiyo akinywa usiku, asubuhi atolewe damu kwanza kabla ya kunywa dozi nyingine. Figo na thairoidi nazo hupimwa, takriban kila miezi 6. Mkiona mikono inatetemeka kupita kawaida, anaharisha, anayumba au ulimi umekuwa mzito, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Asipewe dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni bila daktari kujua, kwani hupandisha lithiamu mwilini.

Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi kliniki ya akili iko huku na maabara yenye kipimo hicho iko mbali, na mgonjwa ambaye hata kuoga kunamshinda huambiwa aende, apange foleni, kisha arudi na majibu. Kwa maoni yangu, damu ichukuliwe pale pale kliniki, isafiri sampuli badala ya mgonjwa. Waombeni hivyo bila kuona haya, kwa sababu ni haki yake.

Majibu yote yaandikeni katika daftari moja, pamoja na tarehe na dozi. Ya figo yakitoka, tafadhali niandikie.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.