Wimbi la Teahupo'o sio la kujaribia

Mhariri, naomba kanafasi. Watu wanaangalia klipu za wale wanaoteleza kwa ubao kwenye mawimbi ya Teahupo'o kule kisiwa cha Tahiti, Bahari ya Pasifiki, palepale palipofanyika mashindano ya mchezo huo ya Olimpiki ya 2024, halafu jamaa akidondoka wanasema kakosa bahati. Bahati gani bwana! Maji yanatoka kwenye kina kirefu, ghafla yanakutana na mwamba wa matumbawe, wimbi linajikunja zito na chini yake maji ni haba, sasa ukianguka kichwa chini unategemea nini? Na kidonda cha matumbawe usipokisafisha vizuri kinatunga usaha. Kauli Vaast alibeba dhahabu ya Olimpiki pale, sawa, ila yule ni mtoto wa Tahiti. Nyie wengine helmeti hamvai, eti inaharibu picha!