Kabla ya kidato cha kwanza, mpeni mtoto kifungu kifupi na mtu wa kuongea naye

Ndugu Mhariri,

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati kuna miezi mitatu na ushei, na mzazi mwenye uwezo huitumia kumlipia mtoto masomo ya "pre-form one". Mtoto anashinda ananakili notsi za Fizikia na Baiolojia kwa lugha asiyoielewa, jioni anarudi na daftari lililojaa, mzazi anafurahi. Januari ikifika, notsi zilezile anazinakili upya.

Sisi ni walimu wa Kiingereza katika sekondari za kata, na tunawaomba wazazi jambo dogo: miezi hiyo mtoto asome kifungu kifupi kimoja kila juma na kukizungumza, nusu saa kila siku. Fizikia itamkuta hukohuko. Aliyetoka shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili amefanya mtihani wake wote kwa Kiswahili isipokuwa karatasi ya Kiingereza, kisha akivuka anakuta karibu kila somo limegeuka. Muhula wa kwanza unampiga chenga kwa sababu hajawahi kusoma sentensi sita za Kiingereza mfululizo akazielewa bila kutafsiriwa, wala hajawahi kuulizwa kwa Kiingereza swali ambalo jibu lake halijaandikwa ubaoni.

Kosa la kwanza la wengi ni urefu. Mzazi ananunua kitabu cha hadithi cha kurasa 60, mtoto anakwama ukurasa wa pili, kitabu kinahamia kabatini. Kifungu cha kuanzia kiwe na maneno 40 hadi 60, yaani sentensi tano au sita. Baada ya mwezi kifike 100. Watafiti wa usomaji wanasema msomaji huelewa vizuri akiwa anajua maneno 95 mpaka 98 katika kila 100. Basi kwenye kifungu cha maneno 50, mageni yasizidi mawili au matatu. Mtoto akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Akikunja cha nne, kiwekeni pembeni mtafute chepesi zaidi. Kama chepesi hicho kimo kwenye kitabu cha darasa la nne, asome cha darasa la nne, na kaka zake wasimcheke.

Tuchukue mfano:

"Asha sells oranges near the bus stand. She starts at seven in the morning. On Monday a man gave her a torn note. She did not see the tear until he left. Now she holds every note up to the light."

Maneno 41 tu, na humo mna karibu mitego yote ya Mswahili. Mtoto ataambiwa "seven in the morning" na atasema Asha anaanza saa saba. Anaanza saa moja asubuhi. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, Waingereza wanahesabu tangu usiku wa manane. Chukueni saa ya mishale: Mwingereza anasoma namba inayoguswa na mshale mfupi, Mswahili anasoma iliyo ng'ambo yake. Mshale ukiwa kwenye 7, ng'ambo ni 1. Akishika hilo, hatachelewa kipindi kwa sababu ya ratiba iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Halafu kuna "she". Kiswahili kina "yeye" mmoja, awe mama au baba, kwa hiyo Asha atageuzwa "he" kabla sentensi ya tatu haijaisha. Kuna "did not see", ambayo mtoto ataifanya "did not saw", kwa kuwa anajua habari ni ya juzi na anataka kila neno lionyeshe hivyo. Aelezwe kwamba "did" imekwisha kuubeba wakati uliopita peke yake, kitenzi kinachofuata kinarudi kilivyo. Kuna "a" na "the", ambazo Kiswahili hakina, kwa hiyo hudondoka njiani. Noti inatajwa kwa "a" kwa sababu msomaji hajawahi kuisikia. Mchaniko unatajwa kwa "the" kwa sababu tumeshaambiwa noti imechanika. Na "tear" yenyewe ina matamshi mawili: ya mchaniko hukaribia te-a, ya machozi ti-a.

Siku ya kwanza ni ya kusikia na kuelewa. Mtu anayesoma vizuri, hata kama ni sauti iliyorekodiwa kwenye simu, asome kifungu mara mbili. Mtoto afuate kwa kidole, kinywa kimefungwa. Kisha asome mwenyewe kimya. Kisha aeleze kilichotokea, kwa Kiswahili. Tunasisitiza, kwa Kiswahili. Tunavijua vibao vya "No English, No Service" kwenye milango ya ofisi za walimu. Tunachokiona ni kwamba mtoto akikiona kibao anageuza njia, na shida aliyokuwa nayo anabaki nayo. Asiyejua Asha alitapeliwa hawezi kumzungumzia Asha kwa lugha yoyote. Kusoma kwa pamoja darasa zima nako kunadanganya: kumi wanasoma, sitini wanadaka mkia wa sauti.

Siku ya pili ni maswali, na maswali yana ngazi. Anzeni na la ndiyo au hapana: "Is Asha a teacher?" Kisha la kuchagua: "Does she sell oranges or bananas?" Kisha "Where does she sell them?" Ndipo mfike "Why does she hold notes up to the light?" na mwisho lile linalomgusa mwenyewe: "What do you check when you get your change?" Walimu wengi tunaruka moja kwa moja kwenye "why", darasa linanyamaza, tunahitimisha kwamba watoto hawajui. Wamerukishwa ngazi tatu.

Jibu fupi likubaliwe. Ukiuliza "where", "Near the bus stand" ni Kiingereza safi. Kumlazimisha mtoto arudie sentensi nzima kila anapojibu ni kumzoesha kuongea kama karatasi ya mtihani. Ila angalieni maswali ya kukanusha. Kwetu ukiulizwa "Asha si mwalimu?", unajibu "Ndiyo, si mwalimu." Kiingereza kwa swali hilohilo kinataka "No, she isn't." Mtoto anayejibu "Yes" anaeleweka vibaya, naye hajui kwa nini.

Siku ya tatu mnakigeuza kifungu. Asha awe Juma: kila "she" inakuwa "he", "her" inakuwa "him". Au "On Monday" iwe "Every Monday", na "gave" igeuke "gives". Mtoto afanye kwa mdomo kwanza, daftari baadaye. Akianza na daftari ataandika sawa na kusema makosa yaleyale.

Siku ya nne funikeni kifungu mbakize maneno manne: oranges, seven, torn, light. Mtoto asimulie kwa mtu mmoja kwa dakika moja, kwa wa pili kwa sekunde 45, kwa wa tatu kwa sekunde 30. Kisa ni kilekile, wasikilizaji ni wapya. Mara ya kwanza atatafuta maneno, mara ya tatu maneno yatakuwa yanamsubiri. Zoezi hili ndilo wazazi huliruka kwa kuliona la kitoto, na sisi tukilazimishwa kubakiza moja tu kati ya yote haya tungebakiza hili. Siku ya tano aunde kisa chake cha sentensi tano kwa kufuata cha Asha. Jumamosi asome tena vya nyuma.

Wakati anaongea msimkate. Chagueni kosa la aina moja kwa siku, tuseme "she" na "he", mengine yapiteni. Kulisahihisha nalo si lazima kwa kuhutubia. Akisema "He sell oranges", mjibuni: "Yes, she sells oranges. Where?" Amesikia lililo sawa na mazungumzo yameendelea. Anayesahihishwa kila neno hupunguza maneno.

Matamshi yana mambo mawili yanayotugharimu bure. La kwanza ni "th". Kiswahili sanifu kinayo tayari: "thelathini" ina sauti ya "think", "dhahabu" ina sauti ya "this". Mtoto anayesema "selasini" na "zahabu" ndiye huyohuyo atakayesema "sank you". Mrekebisheni kwenye Kiswahili chake, Kiingereza kitafuata. La pili ni maneno tuliyoyakopa. Neno geni kabisa mtoto hulisikiliza. Neno kama "bus" au "stand" halisikilizi, ana "basi" na "standi" kichwani, basi anaongeza irabu mwishoni kama Kiswahili kinavyodai. Hivyohivyo mkazo: sisi tunakaza silabi ya pili toka mwisho, naye atasema o-RE-njis, wakati "oranges" hukazwa mwanzoni. Agonge meza kwa kidole kwenye silabi yenye mkazo. Ni zoezi la sekunde kumi.

Kwa walimu wenzetu wenye watoto 70 darasani, jambo hili linawezekana ndani ya kipindi cha dakika 40. Andikeni kifungu kwenye karatasi ya manila kwa herufi za kuonekana hadi dawati la nyuma. Manila moja ikitunzwa hutumika miaka. Dakika 5 za kusikiliza, 5 za kusoma kimya, 10 za maswali ya mwalimu, 15 za watoto watatu watatu palepale walipokaa, 5 za kusikiliza makundi mawili. Katika watatu hao mmoja anauliza, mmoja anajibu, wa tatu ana kifungu mkononi kukamata kosa lililochaguliwa siku hiyo, kisha wanabadilishana. Huyo wa tatu akikosekana, wawili wataangukia Kiswahili baada ya dakika mbili. Kelele zitakuwepo, na mkuu wa shule atachungulia dirishani. Mwonyesheni manila.

Mzazi asiyejua Kiingereza asijitoe. Kwenye tovuti ya African Storybook zipo hadithi fupi za bure, nyingine kwa Kiswahili na Kiingereza: mtoto anashika ya Kiingereza, mzazi ya Kiswahili, mzazi anauliza kwa Kiswahili kujua kama mwanawe ameelewa. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimo kwenye maktaba mtandao yake. Asiye na bando atoe nakala chache steshenari. Na siku ya kwanza mrekodini mtoto akisimulia, mhifadhi sauti, mrekodini tena baada ya siku 30. Mkizisikiliza pamoja, hamtahitaji mtihani wa kumpima.

Msimpe orodha ya maneno 20 ya kukariri kila siku. Matatu ndani ya kisa yanatosha, nayo yakaririwe pamoja na jirani zake: asikariri "hold" peke yake, akariri "hold up to the light".

Kwako Mhariri tuna ombi. Kuanzia juma la mtihani wa darasa la saba mpaka shule zifunguliwe Januari, tupe kona moja kila Jumamosi: kifungu cha maneno 60, maswali matano yaliyopangwa kwa ngazi, na majibu yachapwe toleo la juma linalofuata ili mtoto asichungulie. Gazeti lako hufika hata ambako mtandao ni wa kubahatisha, japo mara nyingine kwa kufungia maandazi. Kifungu cha kwanza unacho hapo juu pamoja na maswali yake. Vingine kumi na viwili tunavyo tayari, vimeandikwa kwa mkono, na tunaweza kuvileta ofisini kwako.

Walimu wa Kiingereza, shule za sekondari za kata,
Morogoro