Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Semina, vikao vya kamati na maonyesho ya wanafunzi vilifanyika kama ilivyopangwa; mihtasari mnayo. Nitajikita kwenye lile lililozua maneno mwaka mzima: uamuzi wa kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wetu wa makundi kinga yanayoondolewa kwa mwanga (vipande vya molekuli vinavyofunika kwa muda sehemu tusiyotaka imenyuke), na kuipeleka taa mpya ya urujuanimno, ya nanomita 365, kwenye maabara yao.

Nilisema na narudia: hatuna utafiti unaofundishika kuliko huu. Tangu wanakemia Patchornik, Amit na Woodward walipochapisha kazi yao mwaka 1970, inafahamika kwamba kinga ya aina ya orto-nitrobenzili, mojawapo ya makundi hayo, huachia amini (kampaundi yenye nitrojeni) kwa mwanga tu, bila asidi wala besi kali. Mwanafunzi anaikinga amini, anaifunika chupa kwa karatasi ya alumini, kisha anaimulika huku akipima sampuli. Kwenye bamba la kromatografia, linalotenganisha vitu vilivyomo kwenye sampuli, doa la kwanza linafifia, jipya linajitokeza. Myeyusho ukikolea rangi na mmenyuko ukazorota, lazima aulize sababu. Ni zao la pembeni, nitrosobenzaldehaidi: linafyonza mwanga uleule, tena linaungana na amini iliyokwisha kuachiliwa. Kikundi kimoja kilipendekeza chenyewe kuongeza kundi dogo la methili kwenye kaboni ya benzili ya kinga hiyo, ili zao la pembeni liwe ketoni, isiyomenyuka kwa urahisi kama aldehaidi hiyo. Huo ni utafiti kamili, na nimeufurahia sana.

Wapo waliodai data za wanafunzi zitatuaibisha. Kila jaribio lilirudiwa na kikundi kingine, na spektra (michoro ya vipimo vya kutambua molekuli) zikahakikiwa na watafiti wazoefu. Mwongozo wa usalama, ikiwemo miwani ya kuzuia urujuanimno, niliuandika mimi mwenyewe. Inasikitisha kwamba wengi wa wanaolalamika hawakufika siku ya kura ya uamuzi huu, ingawa taarifa ilitolewa mapema. Mkutano mkuu nao ulichelewa kwa kukosa akidi.

Kuhusu ada, zaidi ya nusu yenu hamjalipa, na baadhi mna malimbikizo ya mwaka uliotangulia. Viyeyusho na mabamba ya silika vimenunuliwa kwa michango ya wachache, nami nikiwemo. Hali hii haivumiliki tena.

Mwakani, fedha zikipatikana, tunatarajia kujaribu makundi kinga ya aina nyingine, ya kumarini, ambayo baadhi huitikia mwanga wa buluu usioumiza sana chembe hai, na pengine kuwaalika wanafunzi wa sekondari.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti