Msokoto wa shambani nao unaua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakulima wenzangu wa tumbaku hapa Urambo, na majirani zetu wa Kaliua na Sikonge, kuhusu msokoto, yaani sigara ya tumbaku tunayojisokotea wenyewe.

Marehemu baba hakuwa mtu wa sigara za dukani. Tulipokuwa tukichambua tumbaku iliyotoka bani, yaani banda la kukaushia, alikuwa akitenga vipande vilivyovunjika, anavifikicha kiganjani, anavisokota kwa karatasi ya daftari letu la shule. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa jikoni kuleta kaa la moto. Akiambiwa aache, alijibu kwamba sumu ni ya kiwandani, yake ni jani tu alilolilima mwenyewe. Tulimwamini.

Kikohozi kilianza taratibu. Makohozi yakapimwa mara mbili, kifua kikuu hakikuonekana. Miaka yake ya mwisho alilala ameketi, mgongo kaegemeza gunia la mahindi, na kutoka mlangoni hadi chooni alisimama mara mbili kutafuta pumzi. Daktari alitueleza kuwa moshi umeharibu mapafu na hayawezi kurudi kama zamani.

Nikotini haiongezwi kiwandani, imo kwenye jani tangu likiwa shambani. Ndiyo maana anayechuma majani yenye umande hushikwa na kizunguzungu na kutapika. Jani likiungua ndipo inapotoka lami, ule uchafu mweusi unaonata, pamoja na kaboni monoksaidi inayoinyima damu oksijeni. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 zinajulikana kuleta saratani. Nyingi hutokana na kule kuungua kwenyewe, iwe umeisokota wewe au mashine. Hadi nusu ya wavutaji wasioacha, tumbaku ndiyo huwaua. Na watoto wanaolala chumba kimoja na mvutaji huugua nimonia na pumu kwa urahisi zaidi.

Sheria ya bidhaa za tumbaku tunayo tangu mwaka 2003, na pakiti za sigara zina onyo. Msokoto hauna pakiti. Hata kijana wa stendi anayenunua sigara moja moja halioni onyo hilo, linabaki kwa muuza genge.

Ombi langu ni kwa viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika na mabwana shamba. Mnatuita mkutanoni kuzungumzia mbolea, madaraja ya tumbaku na malipo, na watu hujaa. Mleteni mganga wa hospitali siku hiyo, apewe hata nusu saa, na wazee waelezwe kwa Kinyamwezi. Awaambie pia kwamba anayeacha leo, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa karibu nusu.

Mdogo wangu ndiye analima shamba lile sasa. Mwezi uliopita nilimkuta uani anasokota, na mwanawe anakuja na kaa. Tafadhalini, mganga huyo aje kabla masoko ya msimu huu hayajafunguliwa.

Mtoto wa mkulima,
Urambo, Tabora